Nimetengeneza gemu la kaseti ya Polystation, nikiuza nashtakiwa? Wanasheria na mafundi njooni

#1 KijanaWaUyole
Wakuu salaam. Nipo Mbeya, Uyole, kazi yangu ni fundi simu na redio ila usiku huwa nazama kwenye gemu za zamani. Miaka miwili sasa naandika gemu la zile Polystation za kaseti, zile tulizokua nazo za kuchomeka kwenye tivii ya chogo, kaseti ina stika imeandikwa gemu 9999999 ukihesabu ni saba tu zinajirudia. Gemu langu linaitwa LUMBESA. Wewe ni dereva wa lori la viazi umetoka Makete unashusha mlima Kitonga, kadri lumbesa zinavyokuwa ndefu pointi zinapanda lakini breki nazo zinapata moto, nyani wanavuka, bodaboda wanakatiza, na kabla ya mizani lazima uwe umeshusha gunia kadhaa la sivyo umeisha.

Kodi yote nimeandika mwenyewe, sijaiba kwa mtu. Sasa nataka nitengeneze kaseti 50 niuze elfu 25 moja. Juzi nimepita Mwanjelwa jamaa mmoja anajua jua mambo akaniambia nitafungwa, eti ile mashine ni mali ya Nintendo na ukiitengenezea gemu bila leseni yao ni wizi kama wizi mwingine. Tangu hapo sijalala vizuri. Ni kweli?

#2 dogo_wa_kibandani
Siti ya mbele. Bei ipungue kidogo

#3 Mpitanjia wa Soweto
Kodi yote umeandika mwenyewe? TRA wanajua?

#4 KijanaWaUyole
Hahaa mkuu kodi ya kompyuta, maandishi ya programu. Hiyo nyingine tutaongea nikishauza.

#5 FundiSolda
Kamwene wote, nipo Iringa. Huyo jamaa wa Mwanjelwa kakudanganya, tena anza na hili, Polystation sio mashine ya Nintendo. Ni Mchina kanakili Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani 1983. Na ile Famicom ya Japani haikuwa na kufuli. Kufuli ilikuja kwenye NES ya Marekani 1985, chipu inaitwa 10NES, moja inakaa kwenye mashine na nyingine kwenye kaseti, zisipoelewana mashine inajizima inajiwasha mpaka unakoma. Polystation haina kitu hicho. Kaseti yako ikiingia inasoma moja kwa moja, hujavunja kufuli ya mtu kwa sababu kufuli haipo. Kesi iko wapi?

#6 Mpitanjia wa Soweto
Kwa hiyo nyumba isiyo na kufuli ukiingia sio kosa? Kawaulize polisi.

#7 FundiSolda
Nyumba ni ya kwake, kainunua. Anaweka kochi alilochonga mwenyewe sebuleni kwake. Nani kaingia kwa nani?

#8 Wakili Mchovu
Nimeitwa kwenye uzi na mtu inbox, haya. Haya ni maoni ya kijiweni, ushauri wa ofisini una risiti.

Alichosema namba 5 kina ukweli ila kaishia njiani. Hoja ya "mashine yetu, gemu bila ruhusa ni wizi" ilishafika mahakamani Marekani. Kampuni ya Accolade walikuwa wanatengeneza gemu za mashine za Sega bila leseni. Walichofanya ni kununua gemu za Sega, wakazifumua kujua mashine inataka nini, halafu wakaandika za kwao. Sega wakashtaki, mwanzoni wakashinda, rufaa mwaka 1992 ikageuza. Mahakama ikasema kunakili ukiwa unajifunza jinsi mashine inavyoongea, kama hakuna njia nyingine, ni matumizi halali, mradi gemu la mwisho ni lako.

Utamu wa kesi ile ni huu. Mashine mpya za Sega zilikuwa zinatafuta herufi nne S E G A ndani ya kaseti, zikizikuta zinaandika kwenye kioo kwamba gemu limetengenezwa na Sega au kwa leseni yao. Accolade wakaweka herufi ili gemu liwake, Sega wakasema mnatumia alama yetu ya biashara kudanganya wateja. Mahakama ikawajibu mtego mmeutega wenyewe, mashine yenu ndiyo inayoandika.

Kwa hiyo kuandika gemu la mashine ya mtu peke yake sio wizi. Wizi unaanzia kwenye ulichoweka NDANI ya gemu na ulichobandika JUU ya kaseti. Mleta uzi tuambie picha kachora nani, muziki umetoka wapi, stika inasemaje.

#9 Bibie wa Tukuyu
Naona mnamsifia tu. Mbona kampuni ya gemu ya Atari walishindwa na Nintendo mwaka huohuo 1992? Kampuni yao ya Tengen ilivunja hiyo hiyo 10NES.

#10 Wakili Mchovu
Dada nakupa tano. Ila wale hawakushindwa kwa sababu ya kutengeneza gemu. Walienda ofisi ya hakimiliki ya Marekani wakadanganya kwamba wana kesi mahakamani, wakapewa nakala ya programu ya kufuli, wakaitumia kutengeneza yao. Accolade alikaa akachimba mwenyewe, Atari kaingia na barua ya uongo.

#11 Mzee wa Mwanjelwa
Mnajadili mahakama za Marekani utadhani zina tawi Sokomatola. Hukumu ya kule haimbani hakimu wa hapa hata kidogo. Hakimu wetu atataka sheria yetu.

#12 Wakili Mchovu
Ni kweli, haimbani, utampelekea kama mfano asome na akitaka ataifuata asipotaka ataiacha, na kwa desturi zetu atasikiliza zaidi za Uingereza na Jumuiya ya Madola. Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Programu ya kompyuta inalindwa kama maandishi, kama vile kitabu, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Hiyo inakulinda na wewe KijanaWaUyole, mtu akikopi LUMBESA una haki ya kumshtaki. Na haki unayo tangu siku umeandika, hata kabla hujaenda COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kwa sababu tuko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 na mkataba ule hautaki haki itegemee usajili. COSOTA nenda tu upate ushahidi wa tarehe.

#13 Mpitanjia wa Soweto
Nimesoma mahali Tanzania ni nchi maskini na ule mkataba wa hakimiliki wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, hautubani mpaka 1 Julai 2034. Kwa hiyo kopi mpaka 2034 kijana, usiogope

#14 Bibie wa Tukuyu
Huo muda upo kweli, nchi maskini zaidi ziliongezewa 2021. Ila unaposema hautubani ni kwamba nchi haibanwi kutunga sheria. Sisi tulishatunga yetu. Mzee kasamehewa kujenga choo lakini choo kishajengwa, sasa unataka uende porini kwa sababu alisamehewa?

#15 dogo_wa_kibandani
😂😂😂 namba 14 nifundishe

#16 KijanaWaUyole
Asanteni. Wakili najibu maswali yako, msinicheke.

Picha, nyingi nimechora mimi, ila lori na nyani kachora dogo mmoja wa hapa mtaani, nilimpa elfu 10 na chipsi. Hatukuandikishana. Basi linalokuja mbele yako stage ya tatu nimelipaka rangi za kampuni moja kubwa ya njia hii, si unajua tena, halafu ukiligonga linapinduka. Muziki wa kwanza nimetunga mwenyewe, wa pili ni kiitikio cha wimbo wa bongo fleva (siutaji) nimeupiga kwa sauti za tiii tiii, wa mwisho ni ngoma ya asili ya kwa bibi. Stika bado, nilitaka niweke alama ya ubora ya Nintendo ya dhahabu ili ionekane orijino.

#17 Wakili Mchovu
Mungu wangu.

#18 FundiSolda
Yaani kijana alivyosema "sijaiba kwa mtu" nikamwamini

#19 Wakili Mchovu
Stika kwanza maana hiyo haina mjadala, ile alama ya dhahabu maana yake Nintendo wamelikagua hilo gemu. Ukiweka unamdanganya mteja, hapo sio hakimiliki tena, ni alama ya biashara na udanganyifu. Andika tu "inafanya kazi kwenye Polystation", hiyo ni taarifa ya kweli na mtu anaihitaji.

Basi badilisha rangi. Sio kwamba rangi ya basi ina mwenyewe moja kwa moja, ila gemu ambalo basi la kampuni inayojulikana linapinduka kila dakika mbili, mwenyewe akiliona anakutafutia kosa lolote lile.

#20 FundiSolda
Ila wakili, mashine ile kila seti ya rangi ya vipicha ina rangi tatu tu na seti ziko nne. Hizo rangi za basi zinafanana na makampuni sita ya njia hii. Nani atajitokeza kusema ni mimi?

#21 Mzee wa Mwanjelwa
Atakayejitokeza ni yule anayepindukaga kweli

#22 dereva_mstaafu_wa_scania
Mimi nimepita tu hapa. Kijana hivi umewahi kushuka Kitonga na mzigo? Nitarudi.

#23 Bibie wa Tukuyu
Turudi kwenye dogo wa chipsi, mnapapita haraka na hapo ndipo watu wengi wanaumia. Mimi ni mchoraji, nilichora nembo na vibonzo vya duka moja la mtandaoni, nikalipwa elfu 40 kwa M-Pesa, hakuna karatasi. Miezi sita baadaye nakuta vibonzo vyangu viko kwenye fulana zinauzwa. Nikauliza, wakasema tulikulipa. Nikawajibu mlinilipa kuchora, hamkununua haki ya kutengeneza fulana. Tulibishana mpaka wakaongeza laki moja. KijanaWaUyole leo hii kamwandikie huyo dogo karatasi, hata ya daftari, kwamba amekuachia lori na nyani uwatumie kwenye gemu hili na kaseti, kiasi gani, mkasaini wote na shahidi. Na kama ni chini ya miaka 18 mzazi asaini. Ukisubiri uuze kaseti ya hamsini bei ya nyani itapanda.

#24 Mpitanjia wa Soweto
Nyani wa elfu 10 na chipsi. Dogo kaibiwa

#25 kompyuta_ya_mkopo
Kuna kitu hamjagusa. Vifaa alivyotumia. Kama muziki kautengenezea FamiTracker ile programu ina leseni ya GPL, leseni ya programu huria, na GPL ni kama ukoma ikigusa kitu chako na chenyewe kinakuwa GPL. Gemu lote inabidi alitoe bure na kodi yake aiweke wazi.

#26 FundiSolda
Hapana kaka. GPL inashika programu yenyewe, sio kitu ulichotengeneza kwa kuitumia. Jembe la kuazima halifanyi mahindi yako yawe ya mwenye jembe. Itakushika ukichukua vipande vya kodi ya GPL ukavichanganya ndani ya gemu. Mleta uzi unatumia kompaila gani, ile programu ya kugeuza kodi iwe lugha ya mashine?

#27 KijanaWaUyole
cc65 na asembla yake. Ile sehemu ya kupiga muziki nimeandika mwenyewe, ndiyo maana ina kigugumizi.

#28 FundiSolda
cc65 haina shida, leseni yake inaruhusu mpaka biashara. Wenye shida ni wale wa PlayStation ya kwanza. Wengi wanatumia vile vifaa vya Sony vya miaka ya 90 vilivyovuja, watu wanaviona vya bure kwa sababu viko mtandaoni. Ukiuza gemu lina vipande vya maktaba ya Sony ndani, umeuza mali ya Sony. Siku hizi kuna PSn00bSDK imeandikwa upya na watu, tumia hiyo. Sony wenyewe mwaka 1997 waliuza mashine nyeusi ya Net Yaroze kwa ajili ya watu wa nyumbani kama sisi, sema masharti yake yalikuwa yanabana.

#29 dogo_wa_kibandani
Kwani Nintendo si walimfunga yule jamaa wa emyuleta juzi juzi akalipa mabilioni

#30 kompyuta_ya_mkopo
Yuzu, Machi 2024, walikubali kulipa dola milioni 2.4, hakufungwa mtu. Na ile ni emyuleta, yaani programu ya kuigiza mashine, ya Switch ya Nintendo, ambayo wakati ule ilikuwa bado inauzwa na gemu zake zimefungwa kwa siri za kihesabu, kosa walilodaiwa ni kupita hizo kufuli. Haifanani kabisa na LUMBESA. Connectix alitengeneza emyuleta ya PlayStation, Sony wakamshtaki na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikampa haki Connectix. Unajua Sony walifanya nini? Wakainunua ile emyuleta wakaizima.

#31 Mzee wa Mwanjelwa
Hapo ndipo mnapotakiwa muelewe. Kushinda kesi na kupona ni vitu viwili. Bleem, wa emyuleta nyingine ya PlayStation, nao walimshinda Sony mahakamani, kampuni ikafa 2001, pesa zimeisha kwenye mawakili. Kijana wa kaseti 50 hata barua moja ya wakili ni mtaji wote umekwenda. Mimi kwa upande wangu naona swali sio sheria inasemaje, ni nani ana haja ya kukusumbua. Nintendo hawezi kuja Uyole kwa kaseti 50. Msanii wa bongo fleva anaweza, nauli ya basi tu.

#32 Wakili Mchovu
Namba 31 hapo kwa msanii naungana na wewe. Ule wimbo utoe au kaombe ruhusa.

#33 dogo_wa_kibandani
Si wanasema ukichukua sekunde chini ya 30 hamna kesi

#34 Wakili Mchovu
Wanasema. Hakuna sheria ya sekunde 30. Kiitikio ndio roho ya wimbo, watu wanakitambua kwa noti tano. Na usijitetee kwamba sio sauti yake ni tiii tiii, utunzi wenyewe una mwenyewe mbali na rekodi.

#35 Bibie wa Tukuyu
Na ngoma ya bibi?

#36 Mpitanjia wa Soweto
Ngoma ya asili ni ya wote. Bibi hana hakimiliki, mtunzi alishakufa enzi za Wajerumani.

#37 Wakili Mchovu
Ungekuwa Ulaya ningekwambia sawa. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu nzima ya sanaa za jadi, ngoma, hadithi, nyimbo. Kutumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunataka kibali. Miaka 50 haihusiki hapo. Kwa hiyo kwa maajabu ya Mungu, kwenye gemu hili ngoma ya bibi inaweza kuwa na masharti kuliko mashine ya Nintendo.

#38 Mzee wa Mwanjelwa
Mimi hilo silikubali. Mjukuu anapiga ngoma ya bibi yake, hiyo NDIYO mazingira yake ya asili. Amezaliwa nayo. Kibali aombe kwa nani, kwa mtu wa Dar ambaye hajawahi kuiona inachezwa?

#39 Wakili Mchovu
Anaipiga kwenye kaseti ya elfu 25 mzee wangu.

#40 Mzee wa Mwanjelwa
Na kwenye harusi anatunzwa. Tofauti ni nini? Jibu.

#41 FundiSolda
Wakiwa wanagombana, mimi nina swali langu. Kaseti unatoa wapi? Maana mimi nanunua za mitumba, zile feki za gemu mia, ila nyingi chipu yake ni tone jeusi la gundi huwezi kuitoa, nabaki na kasha na zile pini 60, bodi natengeneza. Kuna mtu aliniambia kutumia kasha la kaseti feki ni kuendeleza bidhaa feki.

#42 KijanaWaUyole
Mimi hivyo hivyo, natafuta za bodi ya zamani zenye chipu za miguu, nang'oa, naweka epromu mbili, chipu za kumbukumbu zinazofutika kwa mwanga, kilobaiti 32 ya kodi na 8 ya picha. Epromu natoa kwenye bodi mbovu, kuzifuta naanika juani wiki nzima.

#43 FundiSolda
Mbeya una jua la wiki nzima? 😂 Nunua taa ya kuulia vijidudu, dakika 20 imeisha. Usiitazame tu, inaharibu macho.

#44 Bibie wa Tukuyu
Kuhusu kasha, huku tunauza asali kwenye chupa za Konyagi. Hakuna aliyewahi kusema tumeiba konyagi. Ila lebo tunabandua.

#45 kompyuta_ya_mkopo
Mfano mzuri ila chupa ya Konyagi ilikuwa halali toka mwanzo. Kaseti ya gemu mia ilizaliwa haramu.

#46 Bibie wa Tukuyu
Akiing'oa ile chipu haramu imeenda jalalani. Kapunguza kaseti feki moja duniani, apewe cheti.

#47 mtoto_wa_Kihesa
Na mimi nilitengeneza gemu la mhusika maarufu wa watu akiwa amevaa lubega anaruka ruka Gangilonga, nikaliweka mtandaoni BURE kabisa, wiki ya tatu likaondolewa kwa malalamiko ya mwenye mhusika. Nikasema mbona siuzi? Wakajibu haijalishi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba bure ni kinga. Likiwa lako hata ukiuza ni lako, likiwa na mtu wa watu hata ukigawa ni la watu. Sasa hivi naandika la Mkwawa, pale Lugalo 1891 anawasubiri Wajerumani.

#48 Mpitanjia wa Soweto
Mkwawa ana familia, nao wana chifu. Umeomba ruhusa?

#49 mtoto_wa_Kihesa
Ni historia, iko mpaka kwenye vitabu vya shule

#50 Mpitanjia wa Soweto
Vitabu havimfanyi aruke juu ya uyoga. Peleka fuvu lake lisumbuliwe tena, limerudi 1954 limepumzika Kalenga

#51 mtoto_wa_Kihesa
Hakuna uyoga!!

#52 Mzee wa Mwanjelwa
Jirani yangu ana kibanda cha gemu anasema kila kinachoitwa gemu kinataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Vipi hilo?

#53 Wakili Mchovu
Hapana mzee, hiyo ni kamari, mashine za dubwi na mikeka. LUMBESA huweki mia tano ikakutemea elfu mbili. Leseni ya biashara ya kawaida na TRA ndio haviepukiki, namba 3 alitania lakini hakukosea.

#54 dereva_mstaafu_wa_scania
Nimerudi. Kijana wangu amenionyesha video uliyoiweka. Nimeshusha Kitonga miaka 19. Lori lako linashuka na gia kubwa dereva anakanyaga breki tu, ndio maana zinawaka. Hakuna dereva anashuka vile akafika Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Unaingiza gia nzito juu kabisa kabla mlima haujaanza, unaachia breki ya injini ikushike, ya mguu unagusa tu. Mtoto akicheza hilo gemu akaja kuwa dereva ataua watu. Mahakama zenu sizijui ila hilo ndilo kosa la hilo gemu.

#55 KijanaWaUyole
Shikamoo mzee. Umenichoma kweli kweli. Wakuu mrejesho kidogo. Stika ya dhahabu nimefuta, basi nimelipaka kijivu, kiitikio nimekitoa nimetunga kingine kibaya zaidi, dogo wa nyani kasaini mama yake akiwepo (kaongezewa elfu 20). Ngoma ya bibi bado ipo, nasubiri namba 37 na 38 wamalize.

Shida ni nafasi. Nilitaka niweke jina langu na mwaka kwenye kioo cha mwanzo kama ushahidi, na sasa mzee anataka breki ya injini. Nimebakiwa na baiti 212. Vyote viwili haviingii.

#56 Wakili Mchovu
Jina na mwaka. Kesho mtu akikukopi utaonyesha nini?

#57 FundiSolda
Jina liandike kwenye bodi ya kaseti kwa wino, wakili. Kodi ibane, mimi nikutumie njia ya kubana picha.

#58 Wakili Mchovu
Kwenye bodi! Mtu akikopi anakopi chipu, bodi anakuachia wewe.

#59 dereva_mstaafu_wa_scania
Marahaba. Weka breki.

#60 dogo_wa_kibandani
Kwa hiyo bado ni elfu 25?